Uzi maalumu: Kujenga msamiati wa lugha ya kigeni kwa kusoma na kusikiliza. Vipimo, hatua, na mahali wengi wanapokwama

kalamu_ya_mwanzi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu jukwaani bila mtu kuuliza afanyeje apate msamiati wa Kiingereza. Majibu huwa mawili: kariri kamusi, au angalia filamu. La kwanza linachosha ndani ya siku kumi, la pili linaburudisha kuliko linavyofundisha. Uzi huu ni wa kusoma na kusikiliza kwa kipimo. Mifano mingi itakuwa ya Kiingereza kwa sababu ndicho kilichochunguzwa sana, ila wenye Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu karibuni mchangie.

Nianze na kosa linalowaangusha wengi, yaani kuchagua matini ngumu. Soma hii:

"Halima alibeba dupiti lake hadi sokoni, akalizupa mbele ya wateja, lakini kwa kuwa lilikuwa zobevu, hakuna aliyetaka kulidofa siku ile."

Ina maneno 20, na manne nimeyabuni. Kwa hiyo unajua asilimia 80 ya maneno. Sarufi yote unaiona: kuna Halima, kuna soko, kuna kitu na kitu hicho kina kasoro. Lakini dupiti ni nini? Alilifanyaje? Hata ukiikodolea macho nusu saa hutajua, maana kila neno gumu limeegemea neno gumu jingine. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyemaliza maneno 2,000 ya kwanza ya Kiingereza kisha akafungua kitabu cha chuo. Orodha maarufu ya Michael West ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi kama 2,000, hufunika takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida.

Sasa soma hii:

"Halima alibeba kapu lake hadi sokoni, akaliweka mbele ya wateja, lakini kwa kuwa lilikuwa zobevu, hakuna aliyetaka kulinunua siku ile."

Ni maneno 20 yale yale, neno geni moja. Hiyo ni asilimia 95. Hapa akili inafanya kazi: zobevu ni sifa mbaya ya kapu. Chafu? Bovu? Limechanika? Muktadha umekupa mwelekeo, maana kamili bado. Kesho ukikutana na "paa zobevu huvuja", uchafu unaondoka kwenye orodha. Keshokutwa ukisoma "shati lilikuwa zobevu kwenye kiwiko", umeshafika: ni kitu kilichochakaa hadi kikatoboka. Ulihitaji kukutana nalo mara tatu, kila mara sentensi ikiwa nyepesi kiasi cha kukuachia nafasi ya kuliangalia neno moja tu.

Watafiti Hu na Nation, mwaka 2000, waliweka kiwango cha asilimia 98 kwa mtu anayesoma peke yake bila msaada. Hiyo ni neno geni moja katika kila maneno 50. Ukurasa wa kitabu kidogo huwa na maneno kama 250, kwa hiyo ni maneno magumu 5 kwa ukurasa, sawa na vidole vya mkono mmoja. Kabla hujanunua au hujapakua, fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza hudanganya, waandishi wengi huanza taratibu), soma, na kila neno usilolijua kunja kidole. Vidole vikiisha kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kiweke, utakirudia mwakani.

Kwenye kusikiliza kiwango kinaweza kushuka kidogo. Hadithi nyepesi za mazungumzo hufuatika hata kwa asilimia 95, kwa wengine hata 90. Lakini sauti haikungoji, na hapo ndipo penye shida yake.

Karibuni.

---

bint_mwambao

Asante sana mwalimu, mfano wa kapu umenifungua. Swali langu: huo ukurasa wenye maneno magumu matano tu unapatikana wapi? Magazeti yote ya Kiingereza ni magumu, na vitabu vya watoto vinachosha mtu mzima. Halafu "kukutana na neno mara nyingi" ni mara ngapi hasa?

---

mzamiaji_wa_maktaba

Dada, jibu la swali la kwanza ni vitabu vya ngazi. Ni hadithi zilizoandikwa au kufupishwa kwa idadi ya maneno iliyopangwa. Mfululizo mmoja unaofahamika sana huanza na vidahizo (maneno ya msingi) 250, kisha 400, 700, 1,000, 1,400, 1,800 na kuishia 2,500. Hadithi ni za watu wazima (upelelezi, mapenzi, safari), ila maneno yamechujwa. Idadi huandikwa kwenye jalada la nyuma, iangalie hapo. Namba ya "ngazi" usiitegemee, maana ngazi ya 2 ya mchapishaji mmoja si ngazi ya 2 ya mwingine.

Wengi hukosea kwa kuanzia ngazi inayolingana na cheti chao. Mtu amemaliza kidato cha nne, anaona aibu kushika kitabu cha maneno 700. Shika. Maliza vitabu vinne au vitano vya ngazi moja ndipo upande. Dalili ya kupanda ni hii: unasoma kurasa tatu mfululizo bila kusimama, na unajikuta unafuata kisa umesahau kwamba ni Kiingereza.

Jibu la pili. Mtafiti Stuart Webb, mwaka 2007, alionyesha kwamba hata baada ya kukutana na neno mara kumi, ujuzi wake bado haujakamilika. Paul Nation wa New Zealand alipiga hesabu kutoka upande wa pili: ili ukutane na maneno mengi ya kila ngazi kama mara 12, usome kiasi gani? Kwa elfu ya pili ya maneno yatumikayo zaidi, kama maneno 200,000 ya maandishi. Elfu ya tatu, 300,000. Elfu ya nne, 500,000. Elfu ya tano, milioni moja.

Usiogope. Mwanafunzi anayesoma maneno 100 kwa dakika anamaliza 200,000 kwa dakika 2,000. Ukisoma dakika 20 kwa siku, ni siku 100. Miezi mitatu na kidogo, basi.

Ila tazama namba zinavyopanda. Kadiri neno linavyokuwa adimu, ndivyo unavyohitaji kusoma zaidi ili ulikute tena. Ndiyo maana mtu akifika maneno 4,000 hivi anaona kama amesimama. Hajasimama, ni maneno ndiyo yanapita kwa nadra.

---

kalamu_ya_mwanzi

Mkuu mzamiaji, umesema vema. Niongeze dawa ya huo ukame: soma mada moja kwa muda mrefu. Mwanaisimu Stephen Krashen aliitetea njia hii tangu miaka ya 1980 mwanzoni. Badala ya kusoma leo siasa, kesho mapishi, keshokutwa anga za juu, fuata jambo moja wiki mbili.

Tuchukue soka, kwa sababu wengi humu mnafuata ligi ya Uingereza na matokeo mnayajua kabla ya kufungua habari. Soma ripoti tatu za mechi ile ile kutoka vyombo vitatu. Utakutana na "equaliser", "injury", "squad", "clean sheet" na "stoppage time" katika kila moja. Maneno ambayo kwenye usomaji wa kuchanganya ungeyakuta mara moja kwa mwezi, hapa yanarudi mara tatu kabla ya chai kupoa. Tena matokeo unayajua, kwa hiyo nusu ya maana unayo tayari.

Na neno moja litakufundisha jambo. "Draw" kwenye ripoti ni sare. Kwenye habari za kombe ni droo ya kupanga timu. Darasani ni kuchora. Kwenye hadithi ya kijijini, "draw water" ni kuteka maji. "Draw the curtain" ni kuvuta pazia. Aliyekariri "draw = chora" atapotea mara nne. Aliyelikuta mara tano kwenye sentensi tano anahisi kitu kimoja ndani yake: kuvuta kitu kitoke. Huyo hapotei.

---

sikio_kwanza

Wadau, naona tumesema mengi ya macho. Niingie na masikio, maana huko ndiko msamiati wa wasemaji wengi wa Kiswahili unakovujia.

Mtu anajua maneno 3,000 akiyaona. Mwekee sauti yenye maneno hayo hayo 3,000, anakamata nusu. Anahitimisha kwamba "Wazungu wanaongea haraka". Mwendo unachangia, lakini sababu hasa ni kwamba maneno aliyapokea kwa macho, akayatamka kichwani kwa Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina irabu sahili kama kumi na mbili, mbali na zile zinazoungana. "Hat", "hut" na "heart" kichwani mwetu yote huwa "hati". Anayezungumza anatamka maneno matatu, wewe umeyatengea chumba kimoja.

La pili ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa: kiTAbu, kitaBUni. Kiingereza kinauhamisha: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAPHic. Na silabi isiyo na mkazo humezwa. "Comfortable" inasikika kama silabi tatu, "vegetable" vilevile. Mtu aliyejifunza "ve-ge-TA-bo" akisikia "VEJ-ta-bl" hajui kwamba ni rafiki yake wa zamani.

La tatu, maneno madogo hupotea. "Of", "and", "to", "have" hayatamkwi kikamilifu kwenye mazungumzo. "What are you going to do" hufika sikioni kama "wocha gona du". Kila neno pale lilifundishwa mwaka wa kwanza wa Kiingereza, na bado sentensi nzima inapita.

Tiba ni imla ya sekunde 45. Hatua zake:

Chagua sauti ambayo ina maandishi yake kamili. Bila maandishi, zoezi limekufa. Kata sekunde 30 hadi 60, si zaidi. Sikiliza mara moja bila kuandika, upate habari kwa ujumla. Sikiliza mara ya pili ukisimamisha kila sentensi, andika ulichosikia hata kama ni nusu. Mara ya tatu jaza mapengo. Kisha fungua maandishi, sahihisha kwa kalamu nyekundu.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: kila kosa lipe herufi. A, neno sikuwa nalijua kabisa. B, neno nalijua nikiliona, ila sikulisikia. C, nimekosea mpaka wa maneno, kama kusikia "a name" wakati ni "an aim". Hesabu. Zikiwa nyingi A, sauti ni ngumu, shuka ngazi. Zikiwa nyingi B na C, ngazi ni sahihi na tatizo ni sikio: rudia kipande hicho hicho siku tatu, ukitamka pamoja na msemaji, mpaka usikie kila neno bila kusoma. Walimu wengi wameona B na C zinazidi A kwa mbali, halafu mwanafunzi anazidi kukariri maneno mapya. Anachimba kisima pembeni ya kisima kilichojaa.

---

fundi_kadi

Mimi natofautiana kidogo na mleta mada, kwa heshima. Kusoma na kusikiliza ni polepole mno kwa mtu anayeanza. Brown, Waring na Donkaewbua walipima jambo hili Japani, matokeo yakatoka 2008: wanafunzi walipewa hadithi kwa njia tatu, kusoma, kusoma huku wakisikiliza, na kusikiliza tu. Kusikiliza tu kulikuwa kwa mwisho. Na hata waliosoma, baada ya miezi 3, katika maneno 28 waliweza kutafsiri neno moja hivi. Kadi za kukariri (neno upande mmoja, maana upande wa pili) zinafundisha maneno 28 kwa siku mbili. Kwa nini tusianze na kadi?

---

kalamu_ya_mwanzi

Ndugu fundi, utafiti ule ni wa kweli na nashukuru umeuleta. Lakini soma vizuri unachosema: wanafunzi walikutana na maneno yale kwenye hadithi chache, kisha miezi mitatu wakakaa bila kuyaona tena. Hapo hakuna njia ingeyaokoa. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo kama hairudiwi. Kadi zako nazo ukiziacha miezi mitatu utazikuta tupu.

Ninachokubali: kwa maneno 1,000 ya kwanza, hata 2,000, kadi ni njia ya mkato halali. Chini ya hapo, ukiacha vitabu vya ngazi za chini kabisa, hakuna kitabu utakachokielewa kwa asilimia 98. Baada ya hapo kadi zinakuwa mtumishi wa kusoma. Neno linatoka kitabuni, linaingia kwenye kadi, linarudi kitabuni.

---

fundi_kadi

Hapo tumekutana. Basi niseme jinsi ya kutengeneza kadi isiyo na hasara, kwa wanaotumia Anki (programu ya kadi) au hata karatasi za manila zilizokatwa.

Usiandike neno moja upande huu na tafsiri moja upande ule. Fikirieni mgeni anayejifunza Kiswahili akaandika "piga = hit". Siku ya pili anasikia kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga hodi, kupiga picha. Atadhani nchi nzima inagombana. Ndivyo tunavyojifanyia sisi kwenye "make", "take" na "do": "make a decision", "take a photo", "do homework", zote kwetu ni kufanya au kupiga. Kwa hiyo andika fungu zima. Mbele ya kadi weka sentensi uliyoikuta kitabuni, neno likiwa limeachwa wazi na herufi ya kwanza tu. Nyuma weka neno, maana fupi kwa Kiswahili, na sauti yake ukiweza.

Idadi: maneno 5 hadi 8 kwa siku. Mtu anaweka 40 kila siku kwa shauku, wiki ya pili programu inamdai marudio 200 kwa siku, anaifuta. Na si kila neno geni linastahili kadi. Kanuni ninayoiamini: neno liingie kwenye kadi likionekana mara ya pili. Mara ya kwanza lipigie mstari kwa penseli, endelea na kisa. Kama halirudi, halikuwa na haraka na wewe.

Wasio na simu: visanduku vitatu vya kiberiti. Kadi mpya inakaa cha kwanza, unaipitia kila siku. Ukiipata, inahamia cha pili, unakipitia kila siku ya tatu. Ukiipata tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote inarudi cha kwanza.

---

mfunga_virago

Wakuu, naomba msaada wa Kijerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, wengi tunaelekea ngazi za lugha za B1 na B2. Haya ya Kiingereza yanahamia huko sawasawa?

---

mtafsiri_wa_bandari

Kaka, misingi inahama, ila Kijerumani kina mitego yake miwili kwenye kusoma na zawadi moja.

Mtego wa kwanza: kitenzi kinachogawanyika. "Ich rufe dich morgen an." Msomaji anatafuta "rufen" kwenye kamusi, anapata kuita. Anafasiri "nitakuita kesho". Lakini ile "an" ya mwisho wa sentensi ni sehemu ya kitenzi: "anrufen", kupiga simu. Tazama jamaa hizi: "hören" kusikia, "zuhören" kusikiliza, "aufhören" kuacha, kukoma. Kwa hiyo usifungue kamusi kabla ya kufika kwenye nukta. Ukisikiliza, subiri hivyo hivyo, maana kipande kinachobadilisha maana kinaweza kuja mwisho kabisa. Hii ni sababu moja imla ya Kijerumani ifanywe kwa sentensi nzima, si nusu nusu.

Mtego wa pili: der, die, das. Nomino iliyoandikwa daftarini bila kitangulizi chake ni nusu ya neno. Kusoma kunasaidia kwa sababu macho huanza kuona mpangilio: zinazoishia -ung, -heit, -keit huchukua die, zinazoishia -chen huchukua das.

Zawadi: maneno yanayoungana. "Krankenhaus" hospitali, "Krankenwagen" gari la wagonjwa, "Krankenversicherung" bima ya afya. Neno linatisha kwa urefu, lakini likate: sehemu ya kwanza ya mgonjwa, ya pili nyumba, gari, bima. Ukijua vipande 500, unafungua maelfu ya maneno bila kamusi. Kabla ya kuhesabu neno kuwa geni, jaribu kulikata.

Kwa sauti, Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole, na maandishi yake yapo. Habari zile zile zisikilize tena kwa mwendo wa kawaida. Sauti ya polepole ni daraja, usijenge nyumba juu yake.

Kwa wa Kifaransa, RFI wana taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi. Huko tatizo ni maneno kugandana: "les amis" husikika "lezami", na mwanafunzi anatafuta neno "zami" kwenye kamusi. "Il y a" hubaki "ya". Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wamekisikia Kifaransa tangu shuleni, wanalijua hili. Aliyejifunzia kitabuni huliona mara ya kwanza kwenye sauti.

---

bint_mwambao

Na filamu jamani? Sabutaito ziwe za lugha gani?

---

sikio_kwanza

Sabutaito za Kiswahili zinakusaidia kufurahia filamu. Macho yanachukua lugha rahisi, sikio linalala. Sabutaito za lugha unayojifunza ndizo zinazofanya kazi, kwa sababu zinakuonyesha mipaka ya maneno wakati ule ule unapoyasikia. Filamu ambazo sauti ya mtafsiri imefunika wahusika hazikufundishi lugha ile hata kidogo, maana huisikii.

Chukua tamthilia badala ya filamu moja moja: wahusika wale wale, lafudhi zile zile, maneno yale yale yanarudi kila sehemu. Angalia dakika 10 na sabutaito, rudia dakika hizo hizo bila sabutaito. Ukiona kazi nyingi, fanya dakika 5.

Na kusoma huku unasikiliza kitabu kile kile, jambo ambalo utafiti aliouleta fundi uliliweka juu ya njia nyingine mbili, ndiko ninakokuthamini kuliko yote. Sauti inakukataza kutamka kwa Kiswahili, maandishi yanakukataza kubahatisha. Ila sauti isizidi mwendo wako wa kusoma. Ukiona macho yanaachwa nyuma, punguza mwendo hadi 0.8, si chini ya hapo sana, maana irabu zinaanza kuburuzika na mkazo unaharibika.

---

chaki_nyeupe

Nawasalimu. Naomba mnisaidie upande wa shule. Kidato cha kwanza Tanzania: mtoto ametoka msingi kwa Kiswahili, anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Darasa la wanafunzi 70, nakala za vitabu chache. Hizi imla na vitabu vya ngazi nitavifanyaje?

---

mzamiaji_wa_maktaba

Mwalimu, pole kwa kazi. Kuna jaribio la Fiji lililochapishwa 1983, la Elley na Mangubhai, linalofanana na hali yako: shule za msingi za vijijini, Kiingereza lugha ya pili. Madarasa yalipewa vitabu 250 vya hadithi zenye picha, watoto wakasoma au kusomewa kila siku, kama dakika 20 hadi 30. Baada ya miezi minane walikuwa wamesonga kwa mwendo wa karibu mara mbili ya wenzao katika kusoma na kuelewa wanachosikia. Ule wingi wa hadithi nyepesi ndio uliofanya kazi.

Kama huna 250, anza na sauti yako. Nakala moja inatosha. Dakika 12 za kwanza za kipindi, soma hadithi kwa sauti, kurasa mbili. Kabla ya kusoma andika ubaoni maneno sita, yasizidi. Ukifika kwenye neno, lionyeshe kwa kidole ubaoni, sema maana kwa Kiswahili kwa sekunde mbili, endelea. Usisimame kueleza sarufi. Kesho soma kurasa zile zile tena, kisha mbili mpya. Kila ukurasa usikike mara mbili. Ijumaa futa herufi za katikati za maneno yale ubaoni, wayajaze.

Halafu chunguza maneno yanayowaangusha. Si "photosynthesis". Hilo utalifundisha, lina mchoro, liko kwenye mtihani. Yanayowaangusha ni yale ambayo hakuna somo linaloyafundisha: "whereas", "consists of", "therefore", "decrease", "range", na maneno ya maswali yenyewe: "state", "outline", "distinguish", "account for". Mtoto anajua jibu la Biolojia, hajui kwamba "account for" inamtaka atoe sababu. Mtafiti Averil Coxhead alikusanya familia 570 za maneno ya kitaaluma mwaka 2000, na hufunika kama asilimia 10 ya maandishi ya masomo. Maneno matano kwa wiki, yakisomwa ndani ya sentensi za vitabu vyao wenyewe vya Jiografia na Biolojia, ni kazi inayowezekana.

---

chaki_nyeupe

Ubarikiwe mkuu. Dakika 12 nazipata. Nitaanza Jumatatu.

---

mwana_wa_pwani

Kwa wa Kiarabu niseme moja. Maandishi ya kawaida hayana alama za irabu fupi, kwa hiyo neno usilowahi kulisikia huwezi kulisoma kwa uhakika. Huko sikio litangulie: sikiliza kwanza, kisha soma matini yenye irabu, kisha isiyo na irabu. Na jihadharini na maneno tuliyoyarithi. Kitabu, habari na safari yatawasaidia, lakini "rakhīs" kwao ni bei nafuu, wakati rahisi yetu imehamia pia kwenye jambo lisilo gumu. Usiseme mtihani ulikuwa rakhīs.

---

mfunga_virago

Swali la mwisho. Kuna maneno hayakai. "Quite" na "quiet", "adapt" na "adopt". Nimeyaandika pamoja, nimeyarudia mara ishirini, bado nayachanganya.

---

fundi_kadi

Kaka, ndiyo sababu: uliyaandika pamoja. Maneno yanayofanana, au yaliyo kinyume kama "borrow" na "lend", au jamii moja kama siku za wiki, yakijifunzwa siku moja yanagombea kumbukumbu moja, na unabaki unajua jozi bila kujua lipi ni lipi. Yatenganishe. Ondoa kadi ya "adopt" kabisa. "Adapt" ibaki peke yake wiki mbili au tatu, na sentensi moja tu: "She adapted to the cold weather." Uisikie, uisome, uitamke. Ikishakaa kiasi kwamba unaijibu bila kufikiri, ndipo urudishe "adopt" na sentensi yake ya mbali kabisa: "They adopted a child." Kwa "quite" na "quiet" anza na sauti: la pili lina silabi mbili, KWAI-et. Rekodi sentensi mbili mbili kwenye simu, zisikilize ukiwa umefumba macho, sema ni lipi kabla hujaliona.

---

mfunga_virago

Nimezitenganisha jioni hii. "Adopt" nimeiweka kwenye bahasha, naandika juu tarehe ya kuifungua.